Ramani ya shule si siri ya ofisi

Habari za majengo ya shule zetu huwafikia wananchi kwa nyakati mbili tu. Wakati wa kwanza ni siku mheshimiwa fulani anapokuja kukata utepe na kufunua jiwe lenye jina lake. Wakati wa pili ni siku ukuta unapoanguka, bweni linaposhika moto au watoto wanapokanyagana ngazini. Baina ya nyakati hizo mbili pana kimya kirefu, na katika kimya hicho ndimo yanamoamuliwa mambo yote makubwa: darasa litajengwa wapi, litakuwa na ukubwa gani, litagharimu kiasi gani, nani atalijenga na ni watoto wangapi watakaoketi humo.

Kimya hicho ndicho ninachotaka kukijadili leo. Mimi si mhandisi wala mchoraji wa ramani. Kazi yangu ni kufundisha isimu, yaani taaluma ya lugha, katika chuo kikuu. Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana lipi la kusema kuhusu saruji na mabati. Jibu langu ni kwamba jengo la shule huwa maneno kabla ya kuwa mawe. Huanza katika barua, kumbukumbu za mkutano, makadirio, zabuni na mkataba. Anayeyaelewa maneno hayo ndiye anayelitawala jengo. Asiyeyaelewa huitwa tu siku ya kuchanga na siku ya kushangilia. Hoja yangu, basi, ni moja: mpango wa majengo ya shule ya umma ni habari ya umma, na haujakamilika mpaka wenyeji waelezwe kwa lugha wanayoielewa, kabla ya msingi kuchimbwa.

Hebu tuitazame historia kidogo. Baada ya uhuru mwaka 1963, serikali changa haikuwa na uwezo wa kujenga shule za upili za kutosheleza kiu ya elimu iliyokuwapo. Wananchi walijijengea. Shule za Harambee zilichipuka kila pembe ya nchi. Waliouza kuku na mbuzi, waliobeba mchanga kutoka mtoni, waliijua hesabu ya kila mfuko wa saruji kwa sababu wao ndio walioununua. Sisemi kwamba enzi hizo zilikuwa za malaika. Pesa za Harambee nazo ziliibwa, na wapo wazazi waliolazimishwa kuchanga ilhali hawakuwa na kitu. Hata hivyo, habari ya jengo ilikuwa karibu na waliolijenga. Neno lenyewe harambee ni mwito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja. Mwito wa namna hiyo hauna maana iwapo anayeita anajisikia mwenyewe na wanaovuta hawamsikii.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, wazazi waliagizwa wajenge karakana na vyumba vya sayansi kimu. Walijenga. Baadaye masomo mengi ya ufundi yalipunguzwa, na karakana zikageuzwa maghala ya mahindi na madawati mabovu. Waraka wa Serikali Nambari 6 wa mwaka 1988 uliimarisha sera ya kugawana gharama, na mzigo wa majengo ukazidi kumlemea mzazi. Kisha ukaja Januari 2003, elimu ya msingi ikatangazwa kuwa ya bure. Idadi ya wanafunzi katika shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi takriban milioni 7.2 mwaka 2003. Serikali ilitoa Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, nyingi zikiwa za vitabu na vifaa vya kufundishia. Watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka kwa mwaka mmoja, lakini kuta zilibaki pale pale zilipokuwa.

Katika kila mojawapo ya mageuzi hayo, uamuzi ulifanywa juu na habari ikafika chini ikiwa amri. Sina nia ya kufukua makaburi. Nimetaja mambo haya kwa sababu mageuzi tuliyo nayo sasa, ya mtaala wa umilisi, yamefuata njia iyo hiyo, na gharama yake ingali inalipwa.

Mtaala huo ulianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019. Mpango wa awali ulikuwa kwamba wanafunzi wa Gredi ya 7, 8 na 9 wangesomea katika shule za upili. Kwa hivyo mwaka 2021 serikali, kupitia kwa marehemu Profesa George Magoha aliyekuwa Waziri wa Elimu, ilianzisha mradi wa kujenga madarasa 10,000, mengi yakiwa katika shule za upili za umma. Mafundi walipewa kazi, kokoto zikamwagwa, madarasa yakainuka. Baada ya uchaguzi wa 2022 serikali mpya iliunda jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu. Desemba mwaka huo jopo lilipendekeza kwamba gredi hizo tatu zibaki katika shule za msingi, na Januari 2023 ndivyo ilivyokuwa.

Pengine uamuzi wa pili ulikuwa na busara kuliko wa kwanza. Mtoto wa miaka 12 ni mdogo kupelekwa bweni la mbali, na wazazi wengi walikuwa wamelilalamikia jambo hilo. Lakini tuyatazame matokeo yake. Darasa lilikuwa limejengwa katika uwanja mmoja na mtoto akabaki katika uwanja mwingine. Shule ya msingi iliyokuwa na madarasa manane ikatakiwa kuwa na tisa, mbali na mawili ya chekechea. Ikatakiwa pia kufundisha sayansi za kiwango cha sekondari bila maabara.

Kwa upande wa shule za upili mambo yakawa kinyume. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Waliofaulu waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024. Ilhali kundi la kwanza la mtaala mpya lingefika Gredi ya 10 Januari 2026, ina maana kwamba mwaka mzima wa 2025 hapakuwa na kidato cha kwanza katika shule za upili za umma. Shule iliyozoea makundi manne ilibaki na matatu. Na kwa kuwa sekondari ya juu ni Gredi ya 10, 11 na 12, makundi yatakuwa matatu hata baada ya watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 kuufanya mtihani wa KCSE mwaka 2027.

Hesabu hii haihitaji shahada. Mwanafunzi wa Gredi ya 6 anaweza kuifanya kwa vidole. Je, ni wazazi wangapi waliielezwa katika mkutano wa shule? Ni vijiji vingapi vilivyo na shule ya msingi na ya upili zilizopakana, moja ikibanana na nyingine ikiwa na chumba kitupu, ambavyo viliketi na kusema: jamani, tutumie ukuta tulio nao kabla ya kujenga mwingine? Mzazi aliyeombwa mwaka 2025 achangie darasa jipya la shule ya upili alikuwa na haki ya kuuliza: darasa la nani? Huenda jibu lingekuwepo. Huenda shule ilikuwa na makundi makubwa kupita kiasi, kwa sababu tangu 2018 sera imekuwa kwamba kila mtahiniwa wa darasa la nane aendelee na kidato cha kwanza. Huenda pia kilichohitajika hakikuwa darasa la kawaida bali maabara, karakana au chumba cha muziki, madhali sekondari ya juu imegawanywa katika mikondo mitatu: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Lakini swali haliwezi kuulizwa na mtu asiyejua kwamba kuna hesabu.

Fauka ya hayo, uwanja mmoja wa shule siku hizi una wenyewe wengi. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na shule za msingi na za upili zikabaki chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo katika shule moja ya kijijini unaweza kukuta chumba cha chekechea kilichojengwa na kaunti, madarasa mawili yaliyojengwa kwa fedha za hazina ya CDF iliyoanzishwa mwaka 2003, jengo kuukuu la wamisionari ambalo kanisa mfadhili lingali linalitazama kwa jicho la mwenye mali, na choo kilichojengwa na shirika la msaada. Kila mmoja alikuja na ramani yake, akachagua pembe iliyompendeza, akajenga na kuandika jina lake ukutani. Aliyekuja wa mwisho alijenga pale watoto walipokuwa wakicheza mpira. Ukiuliza ramani ya uwanja mzima, inayoonyesha jengo litakalofuata litakaa wapi kwa miaka kumi ijayo, mara nyingi utaambiwa haipo. Wapishi wako wengi, na mchuzi hauna mwenyewe.

Hata ardhi yenyewe huweza kuponyoka katika kimya hicho. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi waliporejea kutoka likizoni wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Walipoandamana tarehe 19 mwezi huo, watoto wadogo waliovaa sare za shule walirushiwa gesi ya kutoa machozi na polisi. Taifa lilishtuka, ukuta ukaangushwa. Lakini tujiulize: iwapo jambo kama hilo lilitokea kando ya barabara kuu ya mji mkuu, mbele ya kamera, sembuse katika shule ya mashambani ambayo hati yake ya ardhi haijulikani iliko? Shule ambayo mipaka yake inajulikana na kila mzazi na kila mwanafunzi ni vigumu kunyakuliwa usiku.

Sasa niingie katika lugha, ambako ndiko kwangu. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha viwango vya usalama katika shule za Kenya. Ni kitabu kizuri. Kinasema, mathalani, kwamba darasa la mita 7.5 kwa mita 6 lisizidi wanafunzi 40 wanaokaa wawili wawili katika dawati. Kinasema milango ya madarasa ifunguke kwa nje na isifungwe kutoka nje watoto wakiwa ndani. Kinasema madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma, na nafasi baina ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Kinataja hata vyoo: vinne kwa wanafunzi 30 wa kwanza, kisha kimoja kwa kila 30 kwa wale 270 wanaofuata, kisha kimoja kwa kila 50. Shule yenye wanafunzi 800, basi, yastahili kuwa na vyoo visivyopungua 23.

Hakuna lolote hapo linalomzidi akili mzazi wa kawaida. Darasa la mita 7.5 kwa 6 lina mita 45 za mraba. Ukiwaweka watoto 40, kila mmoja ana zaidi kidogo ya mita moja. Ukiwaweka 90, kila mmoja ana nusu mita, na hapo hujamhesabu mwalimu na meza yake. Mama anayejua kupanga matuta ya viazi shambani anaielewa hesabu hiyo mara moja. Lakini kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha ofisi, na nakala yake ikifika shuleni hukaa katika kabati la mwalimu mkuu.

Matokeo ya kutojua ni machungu. Machi 2001, katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2019, huko Ng'ando jijini Nairobi, watoto 8 walikufa jengo la shule ya kibinafsi lilipowaporomokea asubuhi. Februari 2020, wanafunzi 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikufa walipokanyagana kwenye ngazi wakienda nyumbani jioni. Septemba 2024, katika Shule ya Endarasha, Nyeri, moto uliwaua wavulana 21 katika bweni lililolaza zaidi ya 150. Sidai kwamba tangazo la Kiswahili langeli kwenye lango moto usingewaka. Ninachosema ni kwamba msongamano, vyuma vya madirisha na ngazi nyembamba si mambo ya kufichika. Yalionekana kila siku na wazazi, walimu na wanafunzi wenyewe. Lakini mtu akiona ufa na hajui kwamba sheria yamruhusu kuuita ufa, hupita tu. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuwa tukichimba makaburi.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya msingi mashambani, ambayo sitaitaja. Ajenda ilikuwa ujenzi wa madarasa mawili na vyoo. Aliyeleta makadirio aliyasoma kwa Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sauti nzuri na kwa kasi. Wazazi walikaa kimya kama waliomo ibadani. Alipomaliza akauliza iwapo kuna swali. Mzee mmoja akainuka, akavua kofia, akasema: "Mwalimu, tumeshukuru sana kwa kutusomea. Sasa utuambie, wasichana wetu watapata vyoo vingapi?" Ilichukua dakika kadhaa kulipata jibu, kwa sababu hata msomaji hakuwa amelitafuta. Jibu lilikuwa vitatu. Mzazi mwingine, mama aliyejitambulisha kuwa muuza mboga, akasimama akauliza wasichana wako wangapi. Waliambiwa 210. Mkutano ulibadilika papo hapo. Mazungumzo yakahamia Kiswahili na lugha ya mahali pale, darasa moja likaahirishwa, na vyoo vikaongezwa. Hakuna aliyemtukana mwenziwe. Kilichobadilika ni lugha tu, na lugha ilipobadilika, waliokuwa hadhira wakawa wenye mali.

Kuna neno tunalolipenda sana tangu Katiba ya 2010: ushirikishwaji wa umma. Mwanafunzi wa sarufi na alichambue. Mzizi wake ni shiriki, kitendo anachokifanya mtu mwenyewe. Ukiongeza kiambishi cha kusababisha tunapata shirikisha: mtu anamfanya mwenziwe ashiriki. Ukiongeza na cha kutendwa tunapata shirikishwa: mwananchi anafanywa ashiriki, na aliyemfanya hatajwi. Sarufi haidanganyi. Katika neno hilo mwananchi si mtenda. Anaitwa anapohitajika, anatia sahihi katika orodha ya mahudhurio, anapewa soda, anarudi nyumbani. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 10, inaitaja hali ya wananchi kushiriki kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiviweka vifungu hivyo vitatu pamoja, huoni udhuru wowote wa kumsomea mkulima makadirio kwa lugha asiyoijua kisha ukasema ameshirikishwa.

Najua yapo majibu. Wapo watakaosema kwamba mambo ya ujenzi ni ya kitaalamu na Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Dai hili ni kongwe na halina mashiko. Mafundi wetu hawajengi kwa Kiingereza. Mwashi anajua msingi, jamvi, linta, kenchi na plasta, na humwelekeza msaidizi wake kutwa nzima bila kukwama. Zabuni, mkandarasi, makadirio na ukaguzi ni maneno yaliyozoeleka magazetini. Penye istilahi ngumu, tuieleze kwa sentensi. Mkataba unaweza kubaki kwa Kiingereza kwa ajili ya mawakili, almuradi maelezo yake yabandikwe kwa lugha ya wenye shule.

Wengine watasema kwamba mikutano mingi huchelewesha kazi, na fedha zisipotumika kwa wakati hurudi Hazina. Hofu hiyo ina ukweli. Hata hivyo tulinganishe ucheleweshaji wa wiki mbili na hasara ya darasa lililojengwa mahali pasipo na mtoto. Wapo pia watakaosema kwamba wananchi wakijua kila senti watazusha fitina, hasa katika maeneo madogo yenye shule chache ambako kila ukoo unataka maabara ijengwe upande wake. Mimi naona kinyume. Fitina hulelewa na uvumi, na uvumi hulelewa na kimya. Katika eneo dogo lenye shule tano au sita, ni rahisi zaidi kuweka takwimu za shule zote juu ya meza moja, watu wakaona kwamba safari hii zamu ni ya fulani kwa sababu watoto wake wako 95 katika chumba kimoja. Anayejua zamu yake itafika lini hana haja ya kupigania zamu ya mwenziwe.

Ni nini basi kifanyike? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeipa Bodi ya Usimamizi ya kila shule jukumu la kuhakikisha kuwa kuna majengo yanayofaa na ya kutosha. Sheria hiyo pia imeweka chama cha wazazi, na wawakilishi wa wazazi wamo katika bodi. Hatuhitaji tume nyingine. Tunahitaji karatasi moja kwenye lango la shule, kwa Kiswahili sanifu na chepesi, inayojibu maswali saba. Kunajengwa nini? Kwa nini hicho na si kingine? Wanafunzi ni wangapi leo na watakuwa wangapi baada ya miaka mitano? Gharama ni kiasi gani na inatoka wapi? Nani anajenga? Kazi itaanza na kwisha lini? Mwenye swali au malalamiko amwendee nani? Karatasi hiyo ibandikwe pia katika ofisi ya chifu, sokoni, kanisani na msikitini, na isomwe kwa lugha ya mama penye wazee wanaoihitaji. Kazi ikikamilika, ibandikwe ya pili inayosema kilichotumika.

Kando yake ichorwe ramani ya uwanja mzima: mipaka, majengo yaliyopo, kisima, vyoo, miti, na mahali palipotengwa kwa ajili ya majengo yajayo na kwa ajili ya mchezo. Kaunti ikija na chekechea yake, mbunge akija na darasa lake na mfadhili akija na choo chake, wote waoneshwe ramani hiyo kwanza. Mgeni hapangi samani katika nyumba ya mwenyeji.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi, ambao ndio wasomaji wakuu wa ukurasa huu. Walimu wenzangu wa Kiswahili, kila mwaka tunafundisha insha za kiuamilifu: tangazo, kumbukumbu za mkutano, ripoti, barua rasmi. Tunawapa wanafunzi mikutano ya kubuni ya vyama visivyokuwepo, wakaandika mahudhurio ya watu wasiozaliwa. Kwa nini wasiandike ripoti ya hali ya majengo ya shule yao? Mwalimu wa hisabati awape utepe wa kupimia. Wapime darasa, wagawe kwa idadi yao, wahesabu vyoo, watazame mlango unafungukia wapi. Mwalimu wa jiografia awaelekeze kuchora ramani ya uwanja. Mwalimu wa Kiswahili asahihishe lugha, na ripoti isomwe mbele ya wazazi siku ya mkutano. Mtaala unaojiita wa umilisi haukosi nafasi ya kazi kama hiyo. Mwanafunzi atakuwa amejifunza kuandika, na jamii itakuwa imepata habari.

Nanyi wanafunzi, kuuliza si ujinga wala si utovu wa adabu. Mnaweza kumwuliza mwalimu mkuu kwa heshima zote: Mwalimu, mlango wa bweni letu mbona unafungukia ndani? Swali hilo, likiulizwa mapema na kujibiwa kwa vitendo, lina thamani kuliko rambirambi za mawaziri wote.

Magazeti nayo yana wajibu. Shule ndogo ya wadi ya mbali haistahili kusubiri msiba ili jina lake lichapishwe. Uamuzi wa kujenga vyoo ishirini badala ya lango la kifahari ni habari, na iandikwe ikiwa bado inaweza kubadilisha jambo.

Watoto wa Gredi ya 1 waliopo leo watakuwa shuleni kwa miaka kumi na miwili. Idadi yao tunaijua, umri wao tunaujua, na mwaka ambao kila kundi litafika Gredi ya 7 na ya 10 unaweza kuandikwa ubaoni asubuhi hii. Hakuna tena sababu ya kushangaa kila Januari kana kwamba watoto wameanguka kutoka mbinguni. Bodi ya shule inayokutana muhula huu na ianze na hesabu hiyo, iiandike kwa Kiswahili, na iibandike langoni kabla fundi hajashika kamba.